Daktari Papanicolaou: aliyetufundisha kuzisoma seli na kuandika majibu yake

Wasikilizaji wa vipindi vya afya wamelisikia mara nyingi neno Pap: kipimo cha Pap, majibu ya Pap, mama amepimwa Pap. Wengi hudhani ni kifupisho cha maneno ya kitaalamu. Kumbe ni kipande cha jina la mtu. Mtu huyo ni Daktari George Papanicolaou, Mgiriki aliyezaliwa mwaka 1883 na kufariki dunia mwaka 1962. Kipimo chake cha kutafuta saratani ya mlango wa kizazi kabla haijashika mizizi kimeokoa maisha ya wanawake wengi katika nchi nyingi.

Katika makala hii tunayaangalia maisha yake, lakini tutakaa zaidi kwenye upande mmoja usiozungumzwa sana. Papanicolaou hakuishia kuziona seli zilizoharibika kwenye hadubini. Alitafuta pia namna ya kuyaandika majibu ili daktari mwingine, aliye mbali na asiyemjua mgonjwa, aelewe la kufanya. Kuandika huko bado kunachangia kuamua nani atatibiwa mapema na nani atachelewa, hata kwetu hapa Bukoba na Muleba.

Mtoto wa daktari wa Kymi

Papanicolaou alizaliwa tarehe 13 Mei 1883 katika mji mdogo wa Kymi, kwenye kisiwa cha Euboea nchini Ugiriki. Baba yake, Nikolaos, alikuwa daktari, na alitamani mwanawe afuate njia hiyo hiyo. Kijana huyo aliingia Chuo Kikuu cha Athens akiwa bado na miaka 15, akahitimu udaktari mwaka 1904 akiwa na miaka 21.

Baada ya kulitumikia jeshi alirudi nyumbani na kuwatibu watu wa kwao, wakiwemo wagonjwa wa ukoma waliokuwa wametengwa na jamii. Hata hivyo, moyo wake haukuwa kwenye kazi ya kufungua zahanati na kusubiri wagonjwa. Alitaka utafiti. Akaenda Ujerumani, akasoma Jena, Freiburg na München, na mwaka 1910 akapata shahada ya uzamivu kwa kuchunguza jinsi jinsia inavyotokea kwa viumbe wadogo sana wa majini. Mwaka huo huo alimwoa Andromache Mavrogeni, ambaye wengi walikuja kumwita Mary. Jina la mwanamke huyu tulishike, maana tutalirudia.

Vita vya Balkan vilipoanza mwaka 1912, Papanicolaou aliitwa jeshini kama daktari. Huko alikutana na Wagiriki waliokuwa wametoka Marekani kuja kuipigania nchi yao, wakamsimulia habari za ng'ambo. Mwezi Oktoba 1913 yeye na mkewe walishuka melini New York wakiwa na fedha kidogo na bila kukijua Kiingereza.

Maisha ya mwanzo yalikuwa ya kubangaiza. Daktari mwenye shahada mbili alijaribu kuuza mazulia dukani, akapiga fidla kwenye mikahawa na kufanya ukarani katika gazeti la Wagiriki. Mary alishona vifungo. Mwaka 1914 hatimaye akapata kazi ya maabara, kwanza New York Hospital, kisha Chuo cha Tiba cha Cornell katika idara ya Profesa Charles Stockard. Alikaa Cornell kwa karibu nusu karne.

Simbilisi, kioo na mke mvumilivu

Kazi yake Cornell haikuhusu saratani. Alikuwa akichunguza uzazi kwa kutumia simbilisi, na alihitaji kulipata yai la mnyama katika saa yake hasa. Njia iliyokuwepo ilikuwa kuwaua wanyama wengi kwa kubahatisha. Papanicolaou akawaza kwamba kama mwanamke ana mzunguko wa mwezi unaoonekana, huenda na wanyama wadogo wana mzunguko wao, ila dalili zake ni ndogo mno kuonekana kwa macho. Akachukua kifaa kidogo kinachotumika kupimia ndani ya pua, akawa anachukua ute wa uke wa simbilisi kila siku, anaupaka kwenye kioo na kuutazama kwenye hadubini.

Alichokiona kilimfungulia njia. Seli zilibadilika sura siku hadi siku kwa utaratibu uleule. Mwaka 1917 yeye na Stockard wakachapisha matokeo hayo. Maabara nyingine zikaichukua njia hiyo, na ilisaidia sana katika utafiti wa homoni za kike miaka ya 1920.

Kutoka kwa simbilisi alihamia kwa binadamu, na hapo ndipo tunapomrudia Mary. Kwa takriban miaka 20 alikubali kuchukuliwa sampuli na mumewe mara kwa mara, na pia alifanya kazi kwenye maabara ile bila mshahara. Seli zake ndizo zilizomfundisha Papanicolaou mwanamke mwenye afya anaonekanaje kwenye kioo. Bila kuijua hali ya kawaida, hakuna anayeweza kuitambua isiyo ya kawaida. Wawili hao hawakupata watoto. Maabara ndiyo iliyokuwa maisha yao.

Baadaye alianza kupata sampuli za wanawake wa hospitalini. Katika mojawapo, ya mwanamke mwenye saratani ya mlango wa kizazi, aliona seli zenye viini vikubwa, vyeusi na visivyo na mpangilio. Akatambua kwamba seli za saratani hubanduka zenyewe na kuchanganyika na ute, na kwamba mtu anaweza kuziona bila kumkata mgonjwa.

Kukataliwa, kisha kusikilizwa

Mwezi Januari 1928 aliwasilisha ugunduzi huo kwenye mkutano uliofanyika Battle Creek, katika jimbo la Michigan. Haukupokewa vizuri. Wataalamu wa patholojia wa wakati ule waliamini kwamba saratani huthibitishwa kwa kukata kipande cha nyama na kukichunguza, na hawakuona sababu ya kutegemea seli chache zilizoelea kwenye ute. Wakati huohuo nchini Romania, daktari Aurel Babeș alikuwa amefikia wazo linalokaribiana na hilo kwa njia yake mwenyewe. Hakuna hata mmoja kati yao aliyesikilizwa sana miaka ile.

Papanicolaou aliiweka kando mada hiyo kwa zaidi ya miaka 10, lakini hakuisahau. Mwaka 1939 alianza kushirikiana na Herbert Traut, daktari bingwa wa magonjwa ya wanawake. Wakapanga kwamba wanawake wanaolazwa wodi ya magonjwa ya wanawake ya New York Hospital wachukuliwe sampuli. Mradi huo uligundua saratani ambazo hazikuwa zimeshukiwa, na nyingine zilikuwa changa kiasi kwamba jicho la kawaida lisingeziona.

Mwaka 1941 wakachapisha ripoti yao, na mwaka 1943 kikatoka kitabu. Katikati ya hapo, mwaka 1942, Papanicolaou alitangaza rangi za kupaka kwenye kioo ili kiini na mwili wa seli vionekane kwa tofauti iliyo wazi. Rangi hizo bado hutumika maabara hadi leo. Michoro ya kitabu ilitengenezwa na Hashime Murayama, msanii mzaliwa wa Japani, kwa umakini uliomwezesha daktari asiyewahi kufika New York kulinganisha anachokiona kwenye hadubini yake na kilichochorwa.

Lugha ya namba tano

Sasa lilibaki swali moja: majibu yaandikweje? Mtaalamu anaona seli, lakini mgonjwa yuko kwa daktari mwingine, pengine mji mwingine. Kinachosafiri kati yao ni karatasi. Kama karatasi haieleweki, hadubini imefanya kazi bure.

Papanicolaou alijibu kwa madaraja matano. Daraja la kwanza: hakuna seli zisizo za kawaida. La pili: zipo seli zisizo za kawaida, ila hakuna dalili ya saratani. La tatu: seli zinatia shaka lakini hazithibitishi. La nne: seli zinaelekeza kwa nguvu kwenye saratani. La tano: seli zinathibitisha saratani.

Ulikuwa mpango mwepesi kushika, na ulienea duniani. Kwa mara ya kwanza daktari aliyepokea namba alijua awe na haraka kiasi gani. Pia namba hizo zilikubali jambo ambalo tiba huona aibu kulikubali, kwamba kati ya mzima na mgonjwa ipo sehemu ya katikati, na mtu aliye hapo anahitaji kufuatiliwa.

Lakini baada ya muda udhaifu ulijitokeza. Maabara moja iliita daraja la pili kila kioo chenye uvimbe wa kawaida unaotokana na maambukizi. Nyingine ikaweka humo seli ambazo zilistahili wasiwasi. Daraja la tatu likawa kapu la kila kisichojulikana. Wengine wakaongeza vipande vyao vya ndani. Namba ikabaki ileile, maana zikawa nyingi. Mwanamke akihama hospitali na karatasi yake, namba aliyobeba haikuwa na hakika ya kusomwa kama ilivyoandikwa.

Papanicolaou mwenyewe aliendelea kufundisha na kuandika, akatoa atlasi yake kubwa ya seli mwaka 1954. Alipata tuzo ya Lasker mwaka 1950, ingawa Nobel hakuwahi kuipata. Mwishoni mwa mwaka 1961, akiwa na miaka 78, alihamia Miami kuongoza taasisi ya utafiti wa saratani. Miezi michache tu baadaye, tarehe 19 Februari 1962, alifariki kwa ugonjwa wa moyo. Mary aliishi miaka 20 zaidi, akafariki mwaka 1982. Ugiriki baadaye iliiweka sura ya Papanicolaou kwenye noti yake ya drakma 10,000.

Waliomfuata walirekebisha nini

Kazi ya kuisafisha lugha ya majibu iliendelea. Mwishoni mwa miaka ya 1960, mtaalamu wa patholojia Ralph Richart alipendekeza mabadiliko ya seli kabla ya saratani yaandikwe kwa ngazi tatu za CIN, kutoka hafifu hadi makubwa. Mwaka 1987 gazeti moja kubwa la Marekani lilifichua uzembe wa maabara zilizokuwa zikisoma vioo vingi kwa haraka mno. Mwaka uliofuata, Desemba 1988, wataalamu walikutana Bethesda, karibu na Washington, wakaziacha namba tano na kutaka majibu yaandikwe kwa maneno. Kwanza, je, sampuli inatosha kusomeka? Pili, seli ni za kawaida au la? Tatu, kama si za kawaida, ni mabadiliko ya ngazi ya chini, ya juu, au hayajaeleweka bado?

Pamoja na lugha ya maabara, kuna misimbo ya Uainishaji wa Kimataifa wa Magonjwa, unaosimamiwa na Shirika la Afya Duniani, WHO. Mizizi yake ni orodha ya sababu za vifo aliyoiandaa Mfaransa Jacques Bertillon mwaka 1893. Katika toleo la kumi, kipimo cha Pap chenye seli zisizo za kawaida huandikwa R87.6. Kipande cha nyama kikichunguzwa na kuthibitisha mabadiliko ya kabla ya saratani, msimbo ni N87, ukiwa na nyongeza ya kuonyesha ni hafifu, ya wastani au makubwa. Saratani ambayo haijapenya ndani ni D06. Saratani kamili ya mlango wa kizazi ni C53.

Tunaitaja misimbo hii kwa sababu tofauti yake ni kubwa kuliko inavyoonekana. R87.6 ni ishara iliyoonekana kwenye uchunguzi. Si ugonjwa uliothibitishwa. Karani au mhudumu akiandika C53 mahali pa R87.6, mama anabebeshwa saratani asiyokuwa nayo, bima inapokea dai lisilo sahihi, na takwimu za mkoa zinapotoka. Akifanya kinyume chake, mgonjwa anayehitaji kuwahi anaonekana kama mtu wa kusubiri. Na asipoandika chochote, mama huyo hayupo kabisa kwenye hesabu.

Nguvu ya kuandika vizuri ilionekana Finland. Nchi hiyo ilianza mpango wake mwaka 1963. Badala ya kusubiri wanawake waje wenyewe, iliwaita kwa majina kutoka kwenye rejista, wenye umri wa miaka 30 hadi 60, kila baada ya miaka mitano, na majibu yao yakaunganishwa na rejista ya saratani ya taifa. Ugonjwa na vifo vikashuka kwa takriban asilimia 80 katika miongo iliyofuata. Zipo nchi zilizokuwa na kipimo hichohicho lakini bila orodha na bila ufuatiliaji, nazo hazikupata matokeo kama hayo.

Kwetu Kagera

Tanzania, saratani ya mlango wa kizazi ndiyo inayoongoza kwa wanawake. Makadirio ya kimataifa ya mwaka 2020 yalionyesha wagonjwa wapya zaidi ya 10,000 na vifo zaidi ya 6,000 kwa mwaka. Chanzo kikuu ni kirusi cha HPV, na mwanamke mwenye VVU yuko kwenye hatari ya kupata saratani hii mara sita zaidi ya asiye navyo. Kwa mkoa wa Kagera, ulioripoti wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini mwaka 1983, jambo hili linatugusa moja kwa moja.

Kipimo cha Pap kinahitaji maabara na wataalamu wa kusoma seli, ambao hawatoshi nchini. Ndiyo maana vituo vingi hutumia njia ya siki. Mhudumu anaupaka mlango wa kizazi siki iliyopunguzwa ukali, na sehemu yenye mabadiliko hugeuka nyeupe. Majibu hutoka papo hapo: hasi, chanya, au kuna shaka ya saratani. Mwenye chanya anayefaa anaweza kutibiwa siku hiyohiyo kwa kugandishwa eneo hilo kwa baridi kali au kuunguzwa kwa joto. Kipimo cha vinasaba vya kirusi cha HPV nacho kinaendelea kuingia nchini. Na kwa mabinti zetu, chanjo ya HPV ilianza kutolewa kitaifa mwaka 2018. Mwaka 2024 ilianza kutolewa dozi moja kwa wasichana wa miaka 9 hadi 14.

Hapa ndipo somo la Papanicolaou linaporudi. Neno chanya, kwa masikio yetu, limezoeleka kwenye majibu ya VVU. Mama anayeambiwa tu kwamba ana chanya, bila maelezo, anaweza kutoka Bilele akiamini ana VVU au ana saratani, na asirudi tena. Kumbe maana yake ni kwamba kuna mabadiliko yanayohitaji kutibiwa au kuchunguzwa zaidi. Yule wa daraja la tatu huko New York na huyu wa siki hapa Bukoba wako mahali pamoja: katikati, na wanahitaji mtu wa kuwafuatilia.

Ufuatiliaji una vikwazo vyake hapa kwetu. Mama anaweza kuandikwa kwa jina la ubatizo kituo kimoja na kwa jina la Kihaya kituo kingine. Anaweza kupimwa Muleba leo, na mwezi ujao yuko kisiwani akifuata dagaa. Namba ya simu aliyoacha inaweza kuwa ya mume, na imeshabadilika. Akipewa rufaa kwenda Hospitali ya Rufaa ya Mkoa Bukoba, au Bugando jijini Mwanza, au Taasisi ya Saratani Ocean Road jijini Dar es Salaam, kitakachomtambulisha huko ni karatasi aliyoibeba. Ikiandikwa kwa mkato usioeleweka, ataanza upya, kwa nauli nyingine.

Kwa mama na dada zetu, yapo mambo manne ya kushika. Ukimaliza kupimwa, uliza umepimwa kwa njia gani: siki, Pap au HPV. Uliza jibu ni lipi kwa maneno unayoyaelewa, na linamaanisha nini. Uliza hatua inayofuata ni ipi na tarehe gani, kisha hakikisha imeandikwa kwenye kadi. Na kadi hiyo itunze pamoja na vyeti vingine muhimu vya nyumbani, ukitumia jina lilelile kila uendako. Mwenye VVU amwulize mhudumu wake wa kliniki ratiba yake ya kurudia kipimo, kwa kuwa yeye hupimwa mara nyingi zaidi.

Kwa wahudumu wetu, ambao mara nyingi wanahudumia foleni ndefu wakiwa wachache, mstari mmoja wa rejista huonekana kama usumbufu mwisho wa siku. Lakini mstari huo ndio unaomwezesha mwenzako wa kesho kumpigia mama aliyekosa kurudi.

Papanicolaou alitumia maisha yake kuchungulia vitu vidogo ambavyo wengine walivipita. Aliona seli, akazitafutia rangi, kisha akazitafutia maneno. Madaraja yake matano yamepitwa na wakati, na hiyo ni sawa. Lililobaki ni lile alilolijua tangu siku za simbilisi: kilichoonekana leo kiandikwe leo, ili kesho kilinganishwe na kitakachoonekana.